Mwenye Nguvu, Mwaminifu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu akampa umbo Alilolipenda. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, tumeletewa katika darasa letu suala ambalo wazee wetu hawakupata kuulizwa, nasi tumeona tulijibu katika karatasi hii ili jawabu liwafae wengi. Muulizaji ni kijana ambaye kazi yake ni kufundisha mazoezi ya viungo katika ukumbi mmoja wa kunyanyulia vyuma, katika hizi kumbi ambazo vijana huziita jimu, na ambazo zimeenea Mombasa na Nairobi na hata katika miji midogo. Aeleza kuwa kazi hii ameisomea na ana cheti chake, na kuwa wanafunzi wake wamefaidika: yuko mzee mwenye maradhi ya sukari ambaye sasa apanda ngazi pasi na kutweta, na yuko mama aliyekuwa hawezi kuinama kwa maumivu ya mgongo. Lakini mwenye ukumbi amemwambia kuwa kifua chake hakivuti wateja, na kuwa akitaka kubaki kazini basi awe, katika muda wa miezi mitatu, na mwili wa kutiwa katika picha. Na mwenziwe katika kazi amemwonyesha njia ya mkato, nayo ni sindano.

Kijana huyu auliza mambo matatu. Je, yafaa kujidunga? Je, ujira wake utakuwa halali akifanya hivyo? Na je, mwenye ukumbi ana haki ya kumtaka jambo hilo?

Kabla ya kujibu yatupasa tuondoe dhana moja. Wako miongoni mwetu watakaosema kuwa mashekhe hawana haja na mambo ya vyuma na misuli, na kuwa hayo ni upuuzi wa vijana. Maneno haya si sawa. Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kuwa muumini mwenye nguvu ni bora na apendeza zaidi kwa Mola wake kuliko aliye dhaifu, ingawa kila mmoja wao ana kheri yake. Naye alipopata habari kuwa Abdallah bin Amr afunga kila siku na kusimama kila usiku, alimkataza, akamfahamisha kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Basi mtu afundishaye wenziwe kuitunza miili yao kwa ilimu afanya kazi njema. Na katika zama hizi, watu wakiwa wamekaa vitini tangu asubuhi mpaka jioni, na maradhi ya sukari na shinikizo la damu yakiwa yamebisha hodi katika nyumba nyingi, kazi hiyo yakaribia kuwa fardhi kifaya. Haitufalii kumwacha mwenye kazi njema peke yake mikononi mwa wenye kumharibia.

Sasa natuitazame kazi yenyewe ilivyo. Kila mwenye biashara huweka mlangoni mfano wa kile akiuzacho: fundi cherehani hutundika kanzu, na muuza vyungu hupanga vyungu. Mwalimu wa mazoezi amefanywa yeye mwenyewe ndiye kanzu ya kutundikwa. Haulizwi ajua nini, huulizwa aonekanaje. Akiwa mwanamume, atakiwa awe na mabega mapana na kiuno chembamba, na tumbo lililogawika vipande, na mishipa ya mikono iliyosimama. Akiwa mwanamke, atakiwa awe mwembamba huku na mnene kule, na asiwe na alama hata moja ya umri wala ya uzazi. Na picha zake ziwe katika mitandao kila siku, nyingi zao akiwa hana nguo ila kidogo, kana kwamba hapana sitara katika dini.

Na watu wangalijua picha hizo zapatikanaje, wangalipungukiwa na tamaa. Wale waingiao katika mashindano ya kujenga mwili hupunguza chakula kwa wiki nyingi. Na siku za mwisho wengine hupunguza hata maji, ili ngozi igandamane na msuli. Kisha hupakwa mafuta, na taa zikawekwa kwa hesabu, na picha ikapigwa. Siku ile mtu aonekanayo kuwa na nguvu kuliko watu wote, ndiyo siku aliyo dhaifu kuliko siku zake zote: ana njaa, ana kiu, na kichwa chamzunguka. Hali hiyo haidumu ila kwa siku chache, kwani mwili hauiwezi. Lakini picha hutundikwa ukutani mwaka mzima, na mwalimu akatakiwa afanane nayo kila asubuhi. Mwaka 1996 Andreas Münzer, mtu wa Austria aliyesifiwa katika mashindano hayo kwa ngozi isiyo na mafuta chini yake, alikufa siku chache baada ya kushuka jukwaani, viungo vyake vya ndani vikiwa vimeshindwa kazi. Umri wake ulikuwa miaka 31. Waliomtazama waliiona afya, na mwenyewe alikuwa amebeba mauti.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Munafiqun, amemtahadharisha Mtume wake na watu ambao miili yao humpendeza mwenye kuitazama, nao ndani ni kama magogo yaliyoegemezwa ukutani. Wazee wetu wa pwani nao wana neno lao lililo karibu mno na maana hiyo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hatusemi kuwa kila mwenye mwili mzuri ni mnafiki, hasha! Mwili mzuri ni neema, na mwenye nao amshukuru Aliyempa. Twasema kuwa jicho si mizani, na anayeyapima mambo kwa jicho tu hupunjwa.

Basi mizani ni ipi? Natufungue Sura ya Al-Qasas. Nabii Musa (A.S.) ametoka Misri mbio, hana nyumba wala chakula. Wafasiri wamepokea kuwa njiani hakuwa na chakula ila majani, hata tumbo lake likashikana na mgongo kwa njaa. Akafika kisimani Madyan, akawakuta wasichana wawili wamezuiliwa na wachungaji wasinyweshe wanyama wao. Akawanyweshea, kisha akarudi kivulini akamuomba Mola wake. Ndipo mmoja wa wasichana wale akamshauri babake amwajiri mtu huyu, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni yule aliye na nguvu na uaminifu. Tazameni, ndugu zetu: hili ndilo sharti la ajira lililotajwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, nalo lina nguzo mbili tu, nguvu na amana. Umbo halikutajwa. Na yule binti aliijuaje nguvu ya Musa? Wafasiri wasema kuwa alimuona akiliondoa peke yake jiwe la kisima ambalo haliinuliwi ila na watu kumi. Na uaminifu wake aliujua kwa kuwa alimtaka atembee nyuma yake, asije akamtazama. Aliijua nguvu kwa kazi, na amana kwa mwenendo. Angalimpima kwa kumtazama tu, angaliona mgeni mwenye njaa, mwenye vumbi, mwenye mbavu za kuhesabika. Na laiti Musa wa siku ile angalikwenda kuomba kazi katika baadhi ya kumbi zetu za leo, wangalimfungia mlango.

Kadhalika katika Sura ya Al-Baqara, Bani Israili walipomkataa Taluti kwa kuwa hana mali, waliambiwa kuwa Mwenyezi Mungu amemzidishia ilimu na mwili. Mwili umetajwa, kwani kazi yake ilikuwa ni vita. Lakini ilimu ndiyo iliyotangulizwa.

Na kama kuna atakayesema kuwa mwalimu hawezi kufundisha ila akiwa yeye mwenyewe ni picha ya somo lake, basi na amtazame Abdallah bin Mas'ud. Sahaba huyu alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwenye miguu myembamba. Siku moja alikuwa akikata mswaki mtini, upepo ukavuma, miundi yake ikaonekana, na watu wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawauliza wacheka nini, walipomjibu, akaapa kuwa miguu ile miwili ni mizito zaidi katika mizani ya Mwenyezi Mungu kuliko jabali la Uhud. Na huyu ndiye ambaye Mtume alimtaja wa kwanza katika wanne ambao watu waliamrishwa wakajifunze Kurani kwao! Watu walitazama miundi, na Mtume akaitazama ilimu. Kicheko kile cha siku moja kwetu sisi kimekuwa biashara: watu walipwa kwa kuwacheka wenziwao miundi.

Na hata katika mambo ya dunia, hapa petu Kenya, ushahidi u wazi. Mwaka 1976 alikuja Iten mwalimu wa Kiayalandi, Bruda Colm O'Connell, kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa mkimbiaji wa sifa, wala hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia, akavumilia, akawa na subira nao. Na katika vijana aliowalea ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012, mbio ambazo hapakuwa na mtu aliyepata kuzikimbia kwa kasi kama ile. Hapana aliyemuuliza mwalimu huyo avue shati kwanza. Mfinyanzi hulia gaeni, na chungu chake kikawa kizima jikoni mwa watu.

Baada ya kuijua mizani, natujibu masuala.

Ama suala la kwanza, la sindano: haifai, nayo ni haramu kwa asiyeandikiwa na tabibu kwa ugonjwa. Dawa hizi ni homoni ya kiume, au ni vitu vilivyoundwa kwa mfano wake, na homoni hiyo wanachuoni wa Ulaya waliweza kuiunda mara ya kwanza mwaka 1935. Tabibu humpa mgonjwa aliyepungukiwa nayo, kwa kipimo. Wanyanyua vyuma huitumia kwa vipimo vikubwa mno kuliko hicho. Na Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili uwe na mizani yake: homoni ijapo kwa wingi kutoka nje, ubongo huacha kuziamrisha tezi za mwanamume ziitengeneze, zikanywea, na mbegu za uzazi zikapungua au zikakatika kabisa. Mtu ajidunga ili aonekane dume, na huku atia mkasi katika kizazi chake! Wengine huota matiti. Damu huwa nzito, mafuta yake mema hushuka, na moyo, ambao nao ni msuli, hunenepa unene usiofaa mpaka ukashindwa na kazi yake. Mwanamke azitumiapo, sauti yake huwa nzito, na huenda isirudi hata akiziacha. Na wanaopokezana sindano hujitia katika hatari ya ukimwi na homa ya ini. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Al-Baqara na katika An-Nisaa, tusijitupe katika maangamizo wala tusijiue; na mwili ni amana, si mali ya mwenye nao aifanye apendavyo.

Na yako madhara mengine, ya nafsi. Mwaka 1997 daktari wa Marekani aitwaye Harrison Pope na wenziwe waliyapa jina maradhi ya mtu ambaye misuli yake ni mikubwa, naye kila ajitazamapo kiooni hujiona mwembamba. Mtu huyo hujificha ndani ya nguo pana, huacha arusi na karamu za jamaa kwa sababu chakula chake hakimo, na huumia maungo akaendelea kunyanyua. Kioo kimekuwa hakimu wake asubuhi na jioni, na kila siku hukumu ni ile ile. Huu ni utumwa, ndugu zetu. Na aliye karibu mno na utumwa huu ni yule ambaye riziki yake imefungwa na umbo lake, na ambaye kazini kwake ukuta wote ni vioo.

Na aliyekwisha kuanza asikate tamaa, kwani mlango wa toba haujafungwa. Lakini asiziache dawa hizo ghafula, peke yake, kwa siri. Aende kwa tabibu amweleze kweli yote, kwa kuwa mwili huchukua miezi kurudi katika kazi yake, na katika muda huo mtu huweza kuingiwa na huzuni kubwa ya kumshinda. Kumwambia tabibu kweli si kujifedhehi. Ni katika kutafuta dawa tuliyoamrishwa.

Ama suala la pili, la ujira: malipo ya kufundisha ni halali, kwani ni malipo ya kazi yenye manufaa. Lakini ndani yake huweza kuingia kughushi. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji chini. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke juu watu wakauona, akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Basi mwalimu aujengaye mwili wake kwa sindano, kisha akawaambia wanafunzi wake kuwa ameupata kwa mayai na kuku na kopo la unga alilonalo mkononi, na kopo lile alipwa asilimia yake, huyo ameuweka umajimaji chini ya rundo. Mwanafunzi atanunua makopo mwaka mzima; atajitazama, hatauona mwili ule; atadhani ila ni yake, kuwa ni mvivu au kaumbwa vibaya. Mwisho wake ataacha mazoezi yaliyokuwa yakimfaa, au naye ataitafuta sindano. Mwalimu huyo amemuibia mali yake na radhi yake juu ya maumbile yake.

Na haya si dhana. Mtu mmoja wa Marekani, Brian Johnson, aliyejiita Liver King, alikusanya mamilioni ya wafuasi kwa kuwaonyesha mwili wake na kuwahubiria kuwa siri yake ni kula maini mabichi na kuishi kama watu wa kale, na huku akiuza vidonge. Mwezi wa Disemba mwaka 2022, barua zake zilipofichuka, alikiri kuwa alikuwa akitumia homoni. Sisi tuliopigana miaka mingi na wauza hirizi katika mitaa yetu tuwatambue hawa: hirizi imetoka shingoni imeingia ndani ya kopo, na muuzaji amevua kilemba akavua na shati.

Ama suala la tatu, la haki ya mwenye ukumbi: sheria yampa mwajiri haki ya kutaka kazi ifanywe. Ana haki kumtaka mwalimu aweze kuonyesha zoezi analolifundisha, awe na ilimu ya viungo na maradhi, ajue kumhudumia aliyeumia, awe safi, afike kwa wakati. Haya yote yaingia katika nguvu na amana. Lakini kumtaka awe na umbo ambalo Mola wake hakumpa, na ambalo yeye mwajiri ajua kuwa kwa miezi mitatu halipatikani ila kwa sumu, huko ni kumtaka maangamizo. Na anayeijua njia akamsukuma mwenziwe kuiendea ana fungu lake katika dhambi, hata kama hakuitaja sindano kwa jina.

Na watu wengine wamekwisha kulitambua jambo hili. Katika mji wa San Francisco, Marekani, bibi aitwaye Jennifer Portnick, mwenye uzito wa kilo 109 hivi, na ambaye alikuwa na mazoea ya miaka mingi ya mazoezi, alitaka kufundisha chini ya kampuni ya Jazzercise. Alikataliwa kwa kuwa umbo lake si la mwenye siha. Alipeleka malalamiko kwenye tume ya haki ya mji ule, ambao tangu mwaka 2000 ulikuwa na sheria ya kukataza ubaguzi wa uzito na kimo. Na mwaka 2002 wakapatana, kampuni ikaliondoa sharti lile. Mji wa New York nao ulipitisha sheria kama hiyo mwaka 2023. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010 haikuutaja uzito kwa jina, lakini kifungu cha 27 chakataza mtu asibaguliwe kwa uja uzito wala kwa mavazi, na kifungu cha 41 champa kila mfanyakazi haki ya kutendewa haki kazini. Je, si jambo la kutuhuzunisha, sisi tulio na Sura ya Al-Hujurat tangu karne kumi na nne, sura iliyotukataza kudharauliana na ikatufundisha kuwa mtukufu ni mcha Mungu, kuwa tungoje kufundishwa jambo hili na wengine?

Tumetaja uja uzito, na hapa tuna neno juu ya dada zetu wafundishao wanawake wenziwao. Kazi yao ni sitara na ni rehema, kwani bila yao mama wa Kiislamu hana pa kwenda. Nao mzigo wao ni mzito zaidi. Mwanamke akijifungua leo, baada ya wiki chache aulizwa atarudi lini kuwa kama alivyokuwa. Wako wanaojinyima chakula mpaka hedhi ikakatika na mifupa ikadhoofika; na Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa onyo juu ya hali hiyo kwa wanamichezo mwaka 2014. Basi na wasome mwenendo wa Mtume (S.A.W.) nyumbani mwake. Alishindana mbio na Bibi Aisha, Bibi Aisha akamshinda. Muda ukapita, Bibi Aisha akaongeza mwili. Wakashindana tena, Mtume akashinda, akacheka, akamwambia kuwa sasa wamelipana. Mwili ulibadilika, na aliyekuwa mumewe hakuutia ila; mchezo ulibaki mchezo, na mapenzi yakabaki mapenzi. Hiyo ndiyo sunna, enyi waume, na hiyo ndiyo sunna, enyi wenye kumbi.

Sasa twabakiwa na upande ambao watu hawapendi kuutaja, nao ni upande wetu sisi wateja. Mwenye ukumbi asema kuwa yeye hana kosa, auza kile watu wakitakacho; na katika neno hilo ana sehemu ya kweli. Sisi ndio tunaoingia ukumbini tukampita mwalimu mwenye ilimu tukamwendea mwenye kifua. Tena tabia hii hatukuianzia ukumbini. Mara ngapi tumemkadiria shekhe kwa upana wa kilemba chake, na msomaji kwa urefu wa joho lake, tukamwacha mwenye ilimu kwa kuwa kanzu yake imechakaa? Aliyezoea kupima dini yake kwa jicho atashindwaje kupima mwili wake kwa jicho? Ugonjwa ni mmoja.

Kwa hivyo amtakaye mwalimu wa mazoezi amuulize mambo manne. Amejifunza kwa nani? Je, amekuuliza juu ya maradhi yako na umri wako kabla hajakupa chuma mkononi? Je, asipojua husema kuwa hajui? Na wanafunzi wake wa zamani wako wapi, wazima au wameumia? Mwenye majawabu mema katika haya, mchukueni, awe mnene au mwembamba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hatumwambii muulizaji wetu kuwa akikataa sindano hatapoteza kazi. Huenda akaipoteza, na ana mke na watoto, na kodi ya nyumba haingoji. Tungalimwambia maneno mepesi tungalikuwa nasi tumeghushi. Twamwambia kuwa riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na twawaambia ninyi wasomaji kuwa Mwenyezi Mungu huipitisha mikononi mwa waja wake. Yule mzee apandaye ngazi na yule mama aliyepona mgongo na wamwendee mwenye ukumbi wamwambie kwa nini hulipa ada zao. Neno la mteja mmoja kwake lina uzito kuliko waadhi wetu. Na kamati za misikiti na madrasa zenye uwanja au chumba kisicho na kazi baada ya Laasiri ziwape walimu kama hawa nafasi, wawafundishe wazee wetu na vijana wetu, na wanawake kwa saa zao, kwa malipo ya haki yasiyocheleweshwa. Tukifanya hivyo, mwalimu mwaminifu atakuwa na mlango wa pili wa kubisha, na mwenye mlango wa pili halazimiki kuinama katika wa kwanza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe nguvu za kumtii na amana ya kuzitunza, atuhifadhie vijana wetu na kizazi chao, na atujaalie tuwe katika wanaopima kwa mizani ya haki. Wa billahi tawfiq.